Stesheni Isiyo na Reli: Safari ya Nachingwea na Chiola

Basi lilikuwa linaingia Nachingwea, jua limekwisha kuinamia magharibi, kondakta alipopaza sauti kuwaandaa abiria wa Stesheni. Binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa amelala begani mwangu tangu Nanganga. Aliposikia neno hilo alizinduka, akabandika uso kwenye kioo cha dirisha, akatazama kulia na kushoto. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amepanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na kwake yeye stesheni ni jumba refu la vioo, lenye ngazi zinazopanda zenyewe na sauti ya mwanamke inayotangaza saa za kuondoka. Hapa aliona miembe, maduka yaliyoezekwa mabati, vijana wa bodaboda na magunia ya korosho.

"Baba, treni iko wapi?"

Mzee aliyeketi mbele yetu, mwenye kofia ya viua na fimbo katikati ya magoti, aligeuka taratibu. "Iliondoka kabla baba yako hajazaliwa, mjukuu wangu," akasema. "Sisi tuliachiwa jina."

Hakuwa akifanya mzaha. Stesheni ni kata miongoni mwa kata za Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi. Watu huzaliwa humo, huoa, huzikwa na kupiga kura humo, lakini reli iliyolizaa jina hilo ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Binti yangu alilitafakari jibu la mzee mpaka tuliposhuka. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kama iliondoka, nani alibaki na picha yake?"

Tulikuwa njiani kumzuru shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyeolewa Chiola na kuzeekea huko. Alikuwa ametutumia ujumbe kwa simu ya jirani: tuende kabla reli ya babu haijauzwa. Nilidhani uzee umeanza kuyachanganya maneno yake. Hata hivyo likizo ya Desemba ilikuwa imefika, na kuunga udugu ni amri. Tukafunga safari.

Njia ya kusini

Anayetoka Dar es Salaam kwenda kusini leo anasafiri kwa lami. Wazee wetu walikuwa wakikwama kwenye kivuko cha Rufiji siku kadhaa mto ulipofurika, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Baada ya hapo njia inapita karibu na Kilwa, ambako wajenzi wa zamani walichonga matumbawe ya bahari wakainua msikiti mkubwa wenye kuba, na kazi ya mikono yao ingali inasimama katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Kisha Lindi, kisha Mingoyo. Hapo barabara ya Masasi inaiacha pwani na kuingia bara.

Karibu na Mingoyo, kwenye ncha ya mkono wa bahari unaoingia Lindi, kuna mahali paitwapo Mkwaya. Abiria wengi hupita bila kugeuza shingo. Nami nilikuwa nimepita hapo mara nyingi pasipo kujua kwamba reli iliyomlisha babu yangu ilianzia pale.

Karanga zilizoleta reli

Habari yenyewe ni hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company iliyokuwa mali ya Unilever, aliipelekea serikali ya London wazo la kulima karanga Afrika ya Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka nchi kwa wiki chache ukarudi na taarifa yenye matumaini. John Strachey, Waziri wa Chakula, akaubeba mradi huo. Hesabu za mwanzo zilisema ekari zaidi ya milioni 3 na pauni milioni 25. Katika Tanganyika yalichaguliwa maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Waliokuja kusafisha misitu walikuja na zana zilizotoka vitani. Baadhi ya matrekta yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matingatinga mawili, yakaenda sambamba na kuikokota ili miti ing'oke. Miti ya nyika ilikuwa na mizizi ambayo mabwana wa London hawakuifikiria, na mashine zilivunjika haraka kuliko vipuri vilivyoweza kufika. Huko Kongwa mvua zilipungua, na udongo ulipokauka ukawa mgumu hata karanga zilizokomaa zikashindikana kung'olewa. Wenyeji waliijua mvua na udongo wao, lakini elimu yao haikuhesabiwa katika makadirio.

Nachingwea ilitarajiwa kuwa shamba kubwa kuliko yote. Tatizo lake lilikuwa njia. Lindi haikuwa na kina cha kupokea meli kubwa, kwa hiyo ikaamuliwa bandari mpya ijengwe Mtwara na reli itandazwe mpaka Nachingwea. Wakati bandari hiyo inasubiriwa, mizigo ilishushwa Mkwaya, na reli ikaanzia hapo. Mwaka 1949 treni ilianza kufika Nachingwea. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi umeshindwa, na pauni milioni 36 zikafutwa katika hesabu zake.

Reli ilikuwa imefika, lakini shehena iliyoitiwa haikuja. Hata hivyo ujenzi uliendelea: bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954 na kuunganishwa na njia hiyo, na mwaka 1958 tawi likafika Masasi. Treni ilibeba abiria, mbao, mazao ya wakulima wadogo na barua. Lakini njia iliyojengwa kwa ajili ya mamilioni ya ekari haikuweza kujilipa kwa mizigo hiyo. Ikafungwa mwaka 1962, wakati Tanganyika huru ilikuwa bado haijatimiza mwaka wa pili.

Mambo kadhaa yalibaki. Bandari ya Mtwara inafanya kazi hadi leo na korosho za kusini zinapitia humo. Mji wa Nachingwea ulibaki. Mashamba yaliyopewa namba yalibaki na namba zake, na Farm 17 imeingia katika historia ya Afrika, kwani katika ardhi hiyo ya Nachingwea wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo chini ya Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji huru mwaka 1975. Hivyo ardhi iliyosafishwa kwa ajili ya siagi ya Waingereza ikawa chuo cha ukombozi. Qur'ani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Mara nyingi tunadhani mazingatio hayo yako kwenye magofu ya wafalme wa mbali, kumbe mengine yako nyuma ya soko la Nachingwea.

Kengele ya Chiola

Kesho yake asubuhi tulichukua gari dogo la abiria kwenda Chiola. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, ardhi nyekundu imeanza kutoa majani. Kandokando ya njia mikorosho ilikuwa imefumbata kivuli chake, na chini yake kina mama na watoto waliinama wakiokota. Huu ndio uchumi wa Nachingwea na Ruangwa leo: korosho, ufuta na mbaazi, zinazokusanywa katika maghala ya vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada kupitia chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeshona pamoja Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Chini ya ardhi hiyo kuna madini ya kinywe upande wa Ruangwa, na watafutaji wa nikeli wamekuwa wakitoboa mashimo ya uchunguzi upande wa Nachingwea. Kila kizazi huku kinaambiwa kwamba utajiri unakuja.

Shangazi alitupokea barazani, ameketi juu ya mkeka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Na huyu ndiye aliyeitafuta treni?" Habari ilikuwa imetutangulia. Binti yangu aliona haya, akapiga magoti na kumwamkia bibi yake, naye akamvuta kifuani.

Baada ya chai ya mkandaa na mihogo ya kuchemsha alituongoza polepole mpaka kwenye madrasa, nyumba ya matofali yenye bati lililotoboka kwa kutu. Mbele yake ulisimama mwembe mkubwa, na kwenye tawi lake kilining'inia kwa mnyororo kipande cha chuma cha urefu wa hatua moja. Kilikuwa kimeliwa na kutu juu na chini, lakini katikati, mahali kilipogongwa kwa miaka mingi, kiling'aa kama fedha. Yeyote aliyesoma shule za vijijini anaijua kengele ya namna hiyo. Nilikuwa nimeigonga mwenyewe utotoni katika shule nyingine, bila kujiuliza chuma kile kilitoka wapi.

"Hii ndiyo reli ya babu yenu," akasema shangazi.

Babu alitoka vijiji vya pwani ya Lindi akiwa kijana, akaandikwa kazi ya kibarua katika kutandaza reli. Kazi yake ilikuwa kubeba mataruma na kuyapanga juu ya kokoto, kisha wenzake walilaza vyuma na kuvikaza. Shangazi alizaliwa mwaka ule treni ilipofika Nachingwea, akakua akiisikia. Alitusimulia jinsi mama yake alivyoijua saa ya kuinjika sufuria kwa mlio wa gari moshi. Jinsi wanawake walivyosogea kwenye madirisha ya mabehewa na ungo za ndizi na karanga za kukaanga. Jinsi watoto walivyohesabu mabehewa na kugombana juu ya hesabu. Alikuwa na miaka 13 treni ilipokoma. Vyuma vilipong'olewa, babu aliomba kipande kilichokatika, akapewa. Alipomwoza binti yake kwa mwalimu wa madrasa wa Chiola, alikipakia kwenye lori la mizigo akakileta kuwa kengele ya kuwaita watoto kusoma.

"Baba hakuacha shamba kubwa, wala picha yake hatuna," akasema. "Alituachia mlio huu."

Nikaelewa ujumbe wake. Mwezi mmoja kabla, mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amepita na mizani yake. Alitaja bei ambayo, kwa hesabu za Ustadhi wa madrasa, ingenunua mabati mawili. Paa linavuja, mvua zimeanza, na misahafu huhamishwa kutoka pembe moja hadi nyingine kila wingu linapotanda.

Nilimwendea Ustadhi baada ya sala ya Adhuhuri. Ni mtu mpole, mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, aliyerithi kazi hiyo kutoka kwa marehemu mume wa shangazi. Nilimweleza kwa maneno mengi thamani ya historia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Ndugu yangu, ninakubaliana nawe. Lakini historia haizuii mvua. Watoto 40 wananyeshewa. Ukinipa la kuwaambia wazazi wao, nitalisema."

Alikuwa na haki. Mimi nilikuja kwa likizo, yeye yupo pale kila siku. Nikanyamaza, tukaagana tukutane tena baada ya Isha.

Kuta zinazosimulia

Usiku huo barazani kwa shangazi mazungumzo yalizunguka jambo hilo. Binti yangu alimsimulia Ustadhi kuhusu stesheni za treni ya umeme. Alimweleza jinsi ile ya Dar es Salaam ilivyojengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite lililochongwa, na jinsi ile ya Dodoma ilivyofanana na vilima vya mawe vya mkoa ule. Njia hiyo ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, na kwa watoto wengi wa Kitanzania ndiyo sanaa kubwa kuliko zote walizowahi kuingia ndani yake. Hakuna kiingilio wala mlinzi wa kumwambia mtu asiguse. Abiria wa kawaida na waziri mwenye mkoba wote hupita chini ya paa lile lile.

"Tanzanite huchimbwa Mirerani," akasema Ustadhi. "Je, wachimbaji wamewekwa ukutani?"

Lilikuwa swali zuri. Umbo la jiwe linaisifu nchi, na ni halali nchi isifiwe. Lakini jiwe halikutoka ardhini lenyewe. Kuna mahali duniani ambako wajenzi wa stesheni walikumbuka hilo. Katika mji wa Stockholm, nchini Sweden, msanii Per Olof Ultvedt alipewa kazi ya kupamba stesheni kuu ya treni za chini ya ardhi iliyochimbwa katika mwamba. Juu ya dari alichora matawi na majani ya rangi ya buluu, na katika sehemu moja akachora vivuli vya mafundi waliokuwa wakiijenga stesheni hiyo hiyo: mmoja juu ya ngazi, mwingine na zana mkononi. Hawana macho wala pua, ni vivuli tu, lakini kila apitaye anajua kwamba pango lile ni kazi ya watu.

Mfano mwingine uko Porto, nchini Ureno. Ukumbi wa stesheni ya São Bento, iliyofunguliwa mwaka 1916, umefunikwa kwa vigae vyapata 20,000 vilivyochorwa na Jorge Colaço. Humo mna vita na wafalme, lakini pia mna mavuno na kazi za mashambani za eneo lile. Hata jina la Kireno la vigae hivyo, azulejo, limetokana na neno la Kiarabu, kwani ufundi huo ulienea huko kupitia Waislamu wa Andalusia. Colaço mwenyewe alizaliwa Tangier, nchini Morocco.

Ustadhi alitabasamu. Yeye alikuwa ameiona stesheni nyingine, akaisimulia kwa furaha kuliko mimi nilivyosimulia zangu. Mfadhili mmoja aliwahi kumgharimia Umra, na huko Madina, si mbali na Msikiti wa Mtume (s.a.w.), alipelekwa kuona stesheni ya reli ya Hijazi. Reli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1900 kwa amri ya Sultani Abdulhamid wa Pili, ikatoka Damascus na kufika Madina mwaka 1908, safari ya takriban kilomita 1,300 jangwani. Waislamu wa nchi nyingi waliichangia kwa mali zao. Vita Kuu ya Kwanza iliivunja, na leo treni za Damascus hazifiki tena Madina. Stesheni yake ya mawe ilihifadhiwa ikawa makumbusho, na vichwa vya treni vya zamani vimewekwa humo ili watu wavione.

"Kwa hiyo nao wana stesheni isiyo na safari," akasema binti yangu.

"Lakini yao ina mlango wa kuingilia, mjukuu wangu," akasema shangazi. "Yetu ina jina tu."

Kama ukuta ungekuwapo

Tangu usiku ule nimekuwa nikifikiri ni nini kingestahili kuwekwa ukutani Nachingwea. Kuna mpango wa muda mrefu wa Serikali wa kujenga reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Siku itakapojengwa, kusini kutakuwa na stesheni mpya, na wachoraji wa ramani wataulizwa zifanane na nini. Itakuwa rahisi kuchora korosho kubwa juu ya paa na kuishia hapo. Korosho inastahili. Lakini ningetamani ukutani pawe pia na ua dogo la manjano la mkaranga, ambalo likisha kuchavushwa huinamisha kikonyo chake na kwenda kuzaa chini ya udongo. Pawe na mnyororo wa nanga uliovutwa na matingatinga mawili, na taruma juu ya bega, na ungo wa ndizi chini ya dirisha la behewa, na mikono ya kina mama waliobangua korosho majumbani wakati kiwanda cha Nachingwea kimelala kwa miaka mingi bila kazi.

Wasanii wa kuifanya kazi hiyo hawatafutwi mbali. Kusini ni nyumbani kwa Wamakonde, ambao uchongaji wao wa mpingo unajulikana ulimwengu mzima. Edward Said Tingatinga naye alizaliwa kusini, mwaka 1932, upande wa Tunduru. Alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na baadaye akiwa Dar es Salaam akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za bei ndogo. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake bado unaitwa kwa jina lake. Jina hilo hilo ndilo Waswahili wanaloiita mashine ya kung'olea misitu. Mtoto wa kibarua anaposikia neno moja likibeba mashine na mchoraji, amekwisha kupata somo la kwanza la historia ya kwao.

Wako watakaouliza juu ya picha za viumbe hai, na masheikh wetu wana maelezo yao katika suala hilo. Lakini Waislamu hawajawahi kukosa la kuchora. Kutoka Andalusia hadi milango ya Zanzibar na Lamu, mafundi wetu wamesema mengi kwa majani, maua, nyota, minyororo na hati. Mkorosho una majani. Reli ina mistari, mataruma yana mpangilio, na gurudumu ni duara. Ukuta mzima wa stesheni unaweza kumheshimu kibarua pasipo sura ya mtu hata mmoja.

Na kwa nini aheshimiwe? Kwa sababu tumefundishwa kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokula kutokana na kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) pamoja na ufalme wake alikula kwa jasho lake. Mradi wa karanga umeandikiwa vitabu, na karibu vyote vinahesabu pauni zilizopotea. Babu hakupoteza pauni. Alipewa taruma akalibeba mpaka mahali lilipotakiwa. Kushindwa kwa mradi hakukuwa kushindwa kwake, lakini jina la mradi ndilo lililobaki, na lake halikuandikwa popote. Waliobeba pamoja naye karibu wote wamekwisha kurejea kwa Mola wao. Watoto wao, kama shangazi, wamevuka miaka 70. Tukingoja stesheni mpya ndipo tuulize, tutakuwa tumechelewa sana.

Bati na reli

Kulipopambazuka siku ya tatu nilizungumza kwa simu na ndugu zangu, mmoja baada ya mwingine. Tulikuwa wajukuu 11 wa mtu yule, na hakuna aliyekuwa amewahi kuuona mwembe ule isipokuwa wawili. Wengine waliahidi palepale, wengine waliomba wasubiriwe mwisho wa mwezi. Fedha zilizopatikana siku hiyo zilitosha mabati matano. Ustadhi alisema wazazi nao watachanga malipo ya korosho yatakapoingia, kwa kuwa si vizuri paa la madrasa liezekwe na wageni peke yao.

Juu ya kengele alitoa sharti moja. Alitaka ubao mdogo chini ya mwembe, ili mtoto anayegonga ajue anagonga nini. Nilipendekeza tuandike jina la babu. Shangazi akakataa.

"Baba hakutandika peke yake," akasema. "Kulikuwa na Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde, na watu waliotoka mbali ambao hatukuyajua majina ya kwao. Ukimwandika mmoja, wengine utakuwa umewafuta mara ya pili."

Kwa hiyo hakuandikwa mtu. Ustadhi alichukua kipande cha ubao, akakipaka rangi nyeupe, na kwa hati za Kiarabu, kama wazee walivyokuwa wakiandika Kiswahili, akaandika maneno machache: walioitandika reli, Mkwaya hadi Nachingwea, 1949, Mwenyezi Mungu awarehemu. Chini yake akayarudia kwa herufi za kawaida ili na asiyesoma hati ile aelewe. Binti yangu aliomba kuongeza kitu. Akapewa brashi, akachora mistari miwili mirefu inayokwenda sambamba, na vijiti vifupi vinavyoiunganisha. Hakuchora treni. Nilipomuuliza kwa nini, alisema babu hakutengeneza treni.

Asubuhi ya kuondoka, ukungu ungali umelala juu ya mikorosho, Ustadhi alimwita akampa nyundo. Aligonga mara moja kwa woga, kisha kwa nguvu. Mlio ulikwenda juu ya mapaa, ukapita mashamba, na kabla haujakatika watoto walianza kutokea kwenye vijia, mmoja mmoja na wawili wawili, juzuu kifuani. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono kwenye fremu ya mlango, akisikiliza mpaka mwisho. Mabati matano yalikuwa yameegemezwa ukutani yakimngoja fundi, na upande wa mashariki wingu la mvua lilikuwa limeanza kupanda.